Njiwa Hawakujua Tumehama

Baba yangu ni mtu wa Igamba, na kwetu watu huongea taratibu. Ukiwakuta wazee wawili wamesimama kwenye mibuni wakiamua ugomvi wa mpaka wa shamba, utadhani wanajuliana hali. Mume wangu ni mtu wa Tunduma. Kazi yake ni kuelekeza malori kwenye maegesho karibu na mpaka, yale malori marefu ya kwenda Zambia na Kongo ambayo dereva wake haoni nyuma. Lazima awepo mtu wa kumwambia rudi, kata, simama, na amwambie kwa sauti ya kushinda injini. Sauti hiyo haiachi kazini. Jioni akiomba chumvi, jirani wa chumba cha tatu anajua mboga yetu leo haijakolea.

Mimi nilimpenda na sauti yake. Baba ndiye aliyepata shida.

Mara ya kwanza alipokuja kututembelea, harusi ikiwa bado mbichi, tulikuwa tumepanga chumba na sebule mtaa wa Sogea. Nilipika kuku, nikapika na mchele wa Kamsamba, ule unaonukia mpaka barabarani. Nilikuwa nimeshika birika na beseni, namnawisha baba mikono, mume wangu akapigiwa simu na dereva aliyekuwa anaingiza lori pasipoingizwa. Akatoka mlangoni akafoka: "Wewe, nimekuambia usipite hapo! Toka! Toka sasa hivi, unataka kuua watu?" Baba aliacha mikono yake juu ya beseni, maji yakichuruzika. Kisha akaifuta kwa leso yake na kusema ameshiba.

Alikuwa ametoka Igamba alfajiri bila hata chai. Ameshiba nini? Alikunywa maji, akashukuru, akaaga. Kwetu mzazi akikataa chakula cha binti yake hahitaji kuongeza neno. Nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nalia, na yeye akiniuliza kwa upole wake, "Mwanangu, huyu bwana hunena hivi kila siku?"

"Baba, ni sauti tu."

"Hata radi ni sauti tu," akasema, akapanda gari.

Baada ya muda akarudi, safari hii na tenga dogo lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na njiwa wawili wachanga, hawajawahi kuruka, dume na jike, rangi ya majivu. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akamkabidhi mume wangu tenga kwa mikono miwili na kusema jambo ambalo nimelisikia tangu utoto wangu: njiwa hawakai penye ugomvi. Ukiwaona wamehama nyumba, usiulize, wameshasikia yanayosemwa humo. "Wakikaa, wakaatamia, wakaangua," baba akasema, "nitakuja kula kwenu."

Basi ndoa yangu ikawa imewekwa kwenye tenga. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Lakini nilitaka sana baba ale kwangu, na nilijua hasemi kitu ambacho hatakitimiza.

Sasa, nyumba yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, na mwenye nyumba wetu, mama mmoja mjane, alikuwa na sheria nyingi kuliko amri za Mungu, zote akizitoa kwa mdomo akiwa amesimama na ufagio. Mbwa hapana, kwa sababu wanabweka. Paka hapana, kwa sababu wanafunua vyungu. Kuku hapana, kwa sababu kuku wa mpangaji na kuku wa mwenye nyumba wakichanganyika, mpangaji ndiye huwa na kuku wengi. Njiwa hakuwataja. Alikuja kuwaangalia wakati mume wangu akishindilia nguzo ya kibanda chao ardhini, akaegemea ufagio.

"Hao ni kuku?"

"Siyo kuku, mama. Njiwa."

"Wanataga?"

"Wanataga."

"Basi ni kuku wanaoruka," akasema, lakini akatuachia.

Siku za mwanzo njiwa walikuwa waoga. Mume wangu akikohoa tu, wako juu ya bati. Nikamwambia awaite kwa upole, akajaribu, na sauti yake ya upole ikawatisha zaidi, maana ilitoka ikikwaruza. Mwisho akaamua kuwaita anavyoita malori ya Wazambia. Alisimama katikati ya ua na punje za mahindi mkononi, akapaza sauti: "Isa! Isa! Isa!" Ni Kibemba hicho, maana yake njoo. Nadhani walishuka kwa kutojua la kufanya. Wakala. Kesho yake wakashuka tena. Haukupita muda mrefu, ikawa kila asubuhi kabla hajaenda kazini anatoka na ile sauti yake, na njiwa wanamjia mpaka mabegani, mmoja akimpandia kichwani kabisa. Wapangaji wote waliamkia hapo. Hakuna aliyehitaji saa.

Mayai ya kwanza yaliharibika, nikasema si neno, watataga tena. Mvua ndiyo iliyoleta maneno. Tunduma maji ya bomba ni ya kusubiri, na mwenye nyumba alikuwa amefunga gata kuzunguka paa zima, maji yote ya mvua yakiingia kwenye tangi lake. Tangi lile alilipenda kuliko alivyowapenda wapangaji, na sikumlaumu. Asubuhi moja alichota maji ya chai, akakuta unyoya. Akapanda ngazi, akaangalia bati. Aliposhuka hakuwa na ufagio, na mimi nikajua mambo ni mazito.

"Mwanangu," akaniambia, "chagueni. Njiwa watoke, au mtoke nao."

Mume wangu alijitolea kuosha bati kila Jumamosi. Mama akasema bati halioshwi, bati linaheshimiwa. Ningeweza kuwarudisha njiwa Igamba, jambo rahisi kabisa. Lakini kumrudishia baba njiwa wake ilikuwa sawa na kumwambia: ulikuwa na haki, hawakukaa. Nilikataa. Tukatafuta nyumba nyingine, tukaipata Majengo, mwenye nyumba mwenyewe anaishi Vwawa na hajali ukifuga hata tembo. Hivyo ndivyo watu wazima wawili walivyohama kwa ajili ya ndege.

Na hapa ndipo mume wangu alipojifanya mtaalamu. Kwao, mama yake alikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na paka wa familia walikuwa wakihamishwa huku na huku. Paka, kila mtu anajua, humbebi hivi hivi. Unamtia kwenye kiroba asione njia, unazunguka naye, ukifika unamfungulia ndani, na hapo hana la kufanya ila kukubali. Mume wangu akasema njiwa naye ana macho kama paka. Akawatia kwenye boksi, akalifunika kwa kitenge changu kizuri, tukapanda bajaji. Badala ya kwenda Majengo moja kwa moja akamwambia dereva atupitishe Chapwa, tuzunguke, turudi kwa njia nyingine. Dereva alituangalia kwa kioo akidhani tunakwepa watu wa ushuru.

"Mna nini humo?"

"Njiwa," nikasema.

"Wanatafutwa?"

Tulipofika Majengo, mume wangu akaweka boksi chini, akafunua kitenge kwa madaha kama anayezindua jambo. Njiwa wakatoka. Wakatikisa manyoya. Wakapaa juu ya bati jipya, wakazunguka duara moja tu, kisha wakanyoosha kuelekea Sogea bila kupitia Chapwa.

Jioni mwenye nyumba wa zamani akapiga simu. "Njooni mchukue watu wenu." Tukaenda tukawachukua. Safari hii mume wangu aliongeza kuzunguka hadi Mpemba. Njiwa walifika Sogea kabla sisi hatujamaliza kunywa maji. Tulitakiwa tuwafungie ndani mpaka wapazoee, mtu yeyote wa Igamba angetuambia, lakini mtu wa Igamba niliyemjua mimi ndiye hasa nisiyetaka kumuuliza.

Ugomvi wetu wa kwanza wa kweli ulikuwa wa njiwa hao. Nilimwambia paka na njiwa hawana ukoo. Akaniambia njiwa wenyewe ni wa baba yangu, ukaidi wameutoa huko huko. Nilinuna siku nzima, na nilipokumbuka kwamba tunagombana juu ya ndege walioletwa kuthibitisha kwamba hatugombani, nilianza kucheka nikiwa nimeegemea cherehani yangu, mteja akaniuliza kama sketi yake ina kasoro.

Kisha simu za mwenye nyumba zikakoma. Nikaona ajabu. Nikaenda Sogea mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kwa matusi, nikamkuta ameketi kwenye kigoda chini ya kile kibanda tulichokiacha, maana nguzo yake ilishindiliwa ikagoma kung'oka. Aliinua kidole mdomoni.

"Wanaatamia," akaninong'oneza. "Usiwasumbue."

Nilitazama paa. Gata la upande wa kibanda lilikuwa limeng'olewa. Tangi sasa lilipokea maji ya upande mmoja tu. Nikaketi, naye akanieleza mwenyewe. Akina mama wa kanisani walikuja kusali kwake, wakaona njiwa wamefukuzwa wakarudi, wamepelekwa wakarudi. Wakamwambia, mama, nyumba yako ina amani, ndege wamekataa kuiacha. Mama yule, ambaye kwa miaka mingi mtaa ulimjua kwa ufagio, hakuwahi kuambiwa neno kama hilo.

"Sasa wakihama," akaniuliza, "watu watasemaje?"

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Na ndege aliyelalia mayai hahamishwi, atayatelekeza. Nikawaacha. Baba alipopiga simu jioni ile na kuuliza habari za njiwa, nikamwambia wanaatamia. Lilikuwa jambo la kweli kabisa. Sikutaja mtaa tu.

Makinda walipoanguliwa, tukakubaliana na mume wangu kwamba baba aje, na mume wangu ndiye atakayempokea stendi na kumweleza yote njiani, kwa sauti ndogo, kabla hajafika Majengo. Mimi nilibaki nyumbani napika. Kuku tena, mchele wa Kamsamba tena. Nilipika nikiwa na hofu, na chakula cha hofu huwa nakizidishia chumvi, kwa hiyo nilionja mpaka ulimi ukachoka.

Simu ikaita. Baba.

"Nimeshafika," akasema taratibu. "Nimepata lifti ya jirani, ameniteremsha mlangoni. Njiwa nimewaona, wana makinda wawili. Ila chumbani kwenu ametoka kijana simjui, ananiamkia."

Nilivua aproni nikiwa tayari barabarani. Mume wangu nilimkuta njia panda, naye anakimbia kutoka stendi. Tulilaumiana njia nzima. Yeye alisema ningemweleza baba tangu mwanzo, mimi nikasema yeye na kiroba chake. Tulifika getini bado tunaendelea, tukanyamaza ghafla kama watoto.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwenye nyumba kando yake, kikombe cha chai kinapoa mkononi. Hakuwa amekinywa. Miguuni mwake kulikuwa na mkungu wa ndizi na mfuko wa maparachichi. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia, kisha akamtazama mume wangu.

"Kumbe mlihama."

"Ndiyo, baba."

"Mliondoka wenyewe, au mliondolewa?"

Mume wangu akanitazama, nami nikazitazama ndizi.

"Majirani walichoka?" baba akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia wagonjwa. Nikaona kwamba hilo ndilo alilolibeba moyoni tangu siku ile ya beseni. Aliamini binti yake anaishi kwenye makelele, mpaka nyumba za watu zinawatapika.

Mume wangu alikuwa amejifunza maneno mazuri ya kusema stendi, kwa sauti ndogo. Yakampotea yote. Akiogopa, sauti yake ndiyo kwanza hupanda. "Hapana baba!" ikatoka ile sauti ya maegesho, ikajaa ua mzima. "Sijawahi kumfokea binti yako hata siku moja! Muulize! Waulize hapa wote! Mimi naongea hivi hivi, baba, hata kanisani naongea hivi hivi!"

Nikafumba macho. Nilijua tumekwisha.

Nikasikia mabawa. Nilipofumbua, njiwa dume alikuwa ameshashuka kutoka kwenye bati, anatembea kwenye vumbi moja kwa moja kuelekea viatu vya mume wangu. Jike akatoka kibandani, akaacha makinda wake, akatua begani mwake. Mume wangu akanyamaza katikati ya neno. Hakuwa na punje hata moja. Jike akamdonoa sikio, akidai.

Baba aliweka kikombe chini.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini, baba?"

"Chochote."

"Sina la kusema, baba," mume wangu akasema, bado kwa sauti kubwa, maana hana nyingine, na dume naye akapaa akamkalia kichwani.

Baba alimtazama ndege yule kwa muda mrefu. Amefuga njiwa tangu ujana wake. Anajua kwamba hakuna ndege mwoga kuliko huyo, na kwamba njiwa hamkalii kichwani mtu anayemwogopa. Mwenye nyumba alijikohoza.

"Baba yangu," akasema, "hawa niliwatoa mimi. Kinyesi cha njiwa kiliingia kwenye maji yangu. Kelele za huyu sikuzifukuza. Tangu ameondoka nachelewa kuamka, na hawa ndege asubuhi wanakaa kwenye bati wanamsubiri, mimi nikiwaita hawashuki."

Nililia tena, lakini safari hii nilikuwa nacheka. Baba hakunitazama, kwa heshima. Alimuuliza mwenye nyumba kama angekubali makinda wachukuliwe wakishaota manyoya, kabla hawajaruka, kwa sababu kinda asiyewahi kuruka hana nyumba nyingine anayoijua. Wazazi wabaki, wameshachagua. Mwenye nyumba alifikiri, akatazama kibanda, akakubali kwa sharti kwamba mume wangu awe anapita Sogea akienda kazini, awaite mara moja. Mume wangu akakubali.

Kisha baba akanigeukia. "Umepika?"

"Nimepika, baba."

"Twende basi. Mimi nina njaa tangu mara ile."

Tulikwenda kwa miguu hadi Majengo, mume wangu na mkungu wa ndizi begani, baba akiuliza majina ya mitaa. Nyumba yetu mpya haina dari, kama nyumba nyingi za kupanga. Ukuta unaishia juu kidogo ya kichwa, na kutoka hapo hewa ni ya wote. Ukipiga chafya, chumba cha pili wanakuombea afya. Niliandaa meza, nikachukua birika na beseni, nikamnawisha baba mikono. Mume wangu akainamisha kichwa kuombea chakula, na kwa heshima ya mkwewe akajitahidi, akaanza kunong'ona maneno ambayo hata mimi niliyekaa karibu naye sikuyasikia.

Baba akafungua jicho moja.

"Mbona unanong'ona? Kuna mgonjwa humu?"

Mume wangu akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Akavuta pumzi, akaomba kama anavyoomba siku zote, kwa sauti ya kurudisha nyuma lori lenye tela mbili, akamshukuru Mungu kwa wali, kwa kuku, kwa njiwa, kwa baba. Alipomaliza, kutoka upande wa pili wa ukuta jirani akaitikia, "Amina." Kutoka chumba cha mwisho, mtu mwingine naye akaitikia.

"Amina," baba akasema, akanyoosha mkono akachukua paja la kuku.